Mhariri, hii presha tumeinunua wenyewe, tena rejareja

Mhariri salaam, poleni na kazi. Mi ni msomaji wenu wa siku nyingi hapa Tanga, gazeti nalisomea kijiweni kwa muuza kahawa, likifika mkononi kwangu lishapita mikono sita na ukurasa wa michezo mtu kashaondoka nao, lakini zile habari za afya nazisoma zote mpaka mwisho. Na ndo zimenifanya niandike. Mana kila nikisoma naona parachichi asubuhi, mbegu sijui za nini, jimu, mashine ya kukimbilia ndani ya nyumba, najiuliza hivi hapa anaandikiwa nani, mbona sisi huku Mikanjuni na Makorora vya kwetu tulikuwa navyo na tumevitupa wenyewe.

Nianze na yaliyonikuta.

Mwaka jana wakati wa kaskazi, lile joto mnalijua, nilimsindikiza bi mkubwa kituo cha afya, goti linamsumbua. Ana miaka 74. Nesi akampima presha ikaja 128 kwa 76, akamwambia bibi hapa uko vizuri. Alafu sijui alinionaje pale pembeni nilivyokaa najipepea na kadi ya kliniki, akasema na wewe baba hebu lete mkono. Nikacheka, nikampa. Ule mkanda ukabana, ukabana, ukaanza kushuka taratibu, namba ikasimama 168 kwa 102. Nesi hakucheka. Akaniuliza umekunywa kahawa? Nikamwambia vikombe viwili hapo nje kwenye foleni. Akaniambia kaa pale nusu saa, kahawa itulie kwanza, dakika tano za mwisho egemea mgongo, miguu yote chini usikunje nne, usiongee na mtu na simu weka mfukoni. Nikapimwa tena, 158 kwa 98. Bi mkubwa akaniangalia juu mpaka chini akasema, "Kumbe mgonjwa nimekuja nae, haya baki wewe mi nirudi nyumbani."

Nesi hakunitisha. Alisema siku moja haitoshi, nirudi siku nyingine nipimwe tena, ikiwa inajirudia 140 kwa 90 au juu ya hapo ndo wanasema huyu ana presha. Nikarudi mara mbili zaidi, jibu lilelile.

Sasa mi sikuwa naumwa kitu. Sio kichwa, sio kizunguzungu, wala moyo kwenda mbio, ukitoa siku Coastal Union wakicheza pale Mkwakwani, lakini hiyo ni presha ya ukoo, sisi tuliouona ubingwa wa 1988 tushaizoea. Mtaani kwetu kuna jirani alikuwa anameza dawa zake vizuri tu, akajiona mzima, akasema nshapona bwana naumiza tumbo bure, akaziacha. Haikupita miezi mingi kiharusi kikamlaza, saivi anakaa barazani mkono wa kulia umelala kwenye paja kama sio wake, ukimsalimia machozi yanamtoka. Kwahiyo dawa nilizoandikiwa nameza kila siku, na haya mengine nitakayosema hapa chini ni ya kuongezea kwenye dawa, naomba mstari huu msiukate mkihariri.

Ila nikiri, kabla sijarudi kupimwa siku ile nyingine nilipita kwa jamaa mmoja anauza unga wa majani kwenye chupa, ana spika na maiki, chupa hiyohiyo moja inasafisha damu, inatibu presha, sukari, vidonda vya tumbo na nguvu za kiume. Shilingi 45,000. Nikanunua, msinicheke, mtu akiogopa anakuwa mjinga. Nikaharisha siku mbili, nikaenda kupima namba ikanisubiri palepale. Kwa hela ile ningenunua samaki wa wiki nzima pale soko la Deep Sea na chenji ikabaki.

Sasa chumvi. Nesi aliniambia Shirika la Afya Duniani linataka mtu mzima asizidishe gramu 5 kwa siku, kijiko kimoja cha chai kilichosawazishwa, hiyo ni ya siku nzima pamoja na ile iliyokwisha ingia kwenye chakula jikoni. Mi nikabisha, nikasema sisi kwetu hatuli chumvi sana. Mke wangu akasema basi tuipime. Tarehe moja akafungua pakiti mpya ya gramu 500, tuko watu wanne nyumbani. Hesabu yake ni rahisi, watu wanne gramu 5 kila mmoja ni gramu 20 kwa siku, pakiti inatakiwa ifike siku 25. Yetu iliisha tarehe 12. Nikamwambia sio kweli umemwaga, akasema nyingine nimeoshea samaki, haya tuseme imeoshea samaki, toa hata siku tatu nne, bado tunakula karibu mara mbili. Na hapo hujaweka mihogo ya kukaanga ya jioni na chachandu yake, hujaweka embe mbichi za watoto na chumvi pilipili, hujaweka vile vipakiti vya viungo vya mchuzi vya dukani ambavyo ukisoma nyuma ya karatasi chumvi imeandikwa mwanzo mwanzo kabisa. Mi hata nilikuwa nanyunyizia kwenye chapati. Chapati!

Tulichofanya ni kuondoa kikopo cha chumvi mezani kikarudi jikoni juu ya kabati, na vile vipakiti tukaacha. Wiki ya kwanza chakula kilikuwa kama cha hospitali, wiki ya tatu ulimi ukazoea. Tena mtu wa mwambao sijui analilia chumvi ya nini wakati ana ndimu, tangawizi, kitunguu saumu, pilipili mbuzi na tui la nazi, samaki ukimkamulia ndimu vizuri huulizi chumvi iko wapi. Saivi pakiti inafika tarehe 20, 21.

Sukari sitaisema sana mana hata mi bado inanishinda. Nilikuwa naweka vijiko vinne kwenye kikombe cha chai, vikombe vitatu kwa siku, hivyo ni vijiko 12, kijiko kimoja ni kama gramu nne, piga hesabu ni gramu 48, na kiwango wanachosema tusipite ni kama gramu 50 na ukiweza ishia 25. Alafu mchana soda moja baridi, chupa ya mililita 300 ina vijiko kama vinane vingine. Nimeshuka mpaka vijiko viwili, kimoja nikijaribu nanuna. Kahawa yetu chungu ya kijiweni haina sukari, shida ni kashata inayokuja nayo. Na machungwa ya Muheza yapo barabarani yamemenywa tayari, kula chungwa lenyewe na nyama zake, kwanini likamuliwe alafu tulitie sukari. Mbaazi za nazi sizigusi kwenye barua hii, mtu wa Tanga ukimwambia aache mbaazi za nazi asubuhi unatafuta ugomvi.

Sasa nije kwenye baiskeli, mana hii ndo imenitoa usingizini.

Tanga ilikuwa mji wa baiskeli mhariri, nyie mnajua. Mji tambarare, mitaa ya Ngamiani imenyooka kama imechorwa kwa rula, barabara ya kwanza mpaka ya ishirini na moja, hakuna kilima cha kukutoa roho. Baba yangu alienda nayo kazini bandarini miaka yote, Phoenix nyeusi, kengele yake tunaijua toka kona ile, tukiisikia tunakimbilia kupanda kwenye keria. Shangazi yangu alikuwa anaendesha na baibui lake, pindo kalifunga fundo pembeni ili lisiingie kwenye cheni, na kikapu cha sokoni Mgandini mbele. Hakuna aliyekuwa anaita hayo mazoezi, ilikuwa ni kwenda sokoni tu.

Zikaja bodaboda. Mi sina ugomvi na vijana wa boda, wanangu wawili wamesomeshwa na hela ya boda ya baba yao mdogo, na ukiwa na mgonjwa saa nane za usiku ndo wanaokufikisha. Ila mimi kutoka nyumbani mpaka kwenye kibanda changu cha kushonea nguo ni kilomita tatu na ushee, nikawa napanda boda buku kwenda buku kurudi, siku 26 kwa mwezi ni shilingi 52,000, alafu nikifika nakaa kwenye cherehani mpaka magharibi, narudi kwa boda, nakaa kwenye kochi. Nilijumlisha hatua zangu za siku nzima nikaona aibu, kuku wa bi mkubwa ananizidi.

Baiskeli ya mzee ilikuwa imeegeshwa nyuma ya choo cha uani, tairi zimekufa, tandiko limeliwa na panya. Nikaitengeneza. Siku ya kwanza nimefika kazini nimelowa kama nimetoka baharini, mapaja yanatetemeka, na kilichoniuma zaidi sio mapaja. Vijana wa kijiwe cha boda pale kona wote wananijua, wakaanza, "Mzee vipi, umefulia?" Mteja wangu mmoja, dada mtu mzima kabisa, akaniuliza kwa upole kama biashara imekuwa mbaya, eti anaweza kunilipa ushonaji wa mwezi ujao mapema. Hapo ndo nilipoelewa kwanini baiskeli zimeisha Tanga. Kichwani kwetu baiskeli imekuwa ni nauli imekosekana, na kutembea kwa mguu ndo kabisa, mtu akikuona unatembea anakusimamishia usafiri kama unakimbia vita.

Kwenda dakika 17, 18, na kurudi hivyohivyo, siku sita kwa wiki. Wanasema mtu mzima apate angalau dakika 150 kwa wiki za kuutoa mwili jasho kidogo, mi napita 200 na sijaenda jimu ya mtu. Natoka saa kumi na mbili na nusu jua halijakasirika, jioni narudi na upepo wa bahari. Vipimo vya mwezi uliopita vilikuwa 134 kwa 84, na daktari amesema dawa niendelee nazo, naendelea nazo. Usingizi pia umerudi, mana zamani nilikuwa na simu mpaka saa saba usiku naangalia video za watu wakitengeneza magari ambayo sina.

Kuna lingine dogo nalitoa hapahapa. Mnakumbuka 2020 ile ya korona, kila mlango wa duka ndoo ya koki na sabuni? Zile ndoo zimeenda wapi? Moja naijua iko kwa muuza vitumbua wa mtaani kwetu, anahifadhia unga. Tumerudi kwenye kunawa kwa kupitisha maji, jagi na beseni linazunguka shughulini, watu kumi wa sinia moja wanalowesha ncha za vidole, maji tu hayana sabuni, wakati mafuta na uchafu wa mkononi hautoki kwa maji matupu, tukiharisha tunasema pilau lilikuwa na nazi nyingi. Kipande cha sabuni kwenye kisosi kikifuatana na lile jagi kinapunguza nini?

Sasa mhariri ombi langu lina sehemu mbili. La kwanza kwenu, hizo habari za afya muandike na vya huku, mtu apewe hesabu ya pakiti ya chumvi anayoweza kuifanya jikoni kwake leo jioni. La pili kwa wenye jiji letu, hatuombi barabara za baiskeli kama za Ulaya. Pale sokoni pawekwe vyuma tu vya kufungia baiskeli, fundi wa kuchomelea anamaliza kazi ya siku moja, mana saivi ukiiacha unaifunga kwenye nguzo ya mtu na ukirudi anakudai hela ya kulinda. Na miti. Kila barabara ikipanuliwa miti ya kivuli inakatwa kwanza, alafu tunashangaa watu hawatembei, nani atembee saa saba mchana juu ya lami ya Tanga bila kivuli.

Na kama kuna msomaji anamjua fundi baiskeli anayejua kunyoosha ringi na kukaza spoku kwa mkono kama wale wazee wa zamani, aniambie kupitia gazeti lenu. Gurudumu langu la nyuma linayumba tangu juzi, nimeenda kwa mafundi wawili wote wameniambia nikanunue jipya, na bi mkubwa kashaanza kuniuliza lini nitamrudishia keria yake apelekwe Mgandini.

Ni mimi fundi cherehani,
Mikanjuni, Tanga