Hewa isizimwe abiria wakiwa wameketi ndani ya ndege

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako. Nilikuwa fundi wa ndege kwa miaka 31 hadi nilipostaafu. Mwezi uliopita nilisafiri, safari hii nikiwa abiria. Milango ilifungwa, tukaambiwa tuvute subira, mara ule mvumo wa hewa juu ya vichwa vyetu ukakatika. Tulikaa hivyo dakika 50. Mama aliyekuwa kiti cha pili kutoka changu alimpepea mwanawe kwa kadi ya maelekezo ya usalama, shati la mtoto limemganda mgongoni. Nilipomwita mhudumu, alinijibu kwa upole kuwa injini zikiwashwa hewa itarudi.

Kweli ilirudi. Ndege ikisharuka, hewa ya ndani ni safi kuliko wengi wanavyodhani. Katika ndege nyingi karibu nusu yake huvutwa kutoka nje kupitia injini, na iliyobaki ni ya humo humo iliyopitishwa kwenye vichujio vya HEPA, ambavyo hunasa asilimia 99.97 ya chembe, hata zile ndogo mno. Kila dakika mbili au tatu hewa yote huwa imebadilishwa. Vichujio hivyo nimevibadilisha kwa mikono yangu: huingia vyeupe, hutoka vya kijivu, vimeshika vumbi na nyuzi za nguo za watu.

Lakini hewa isipozunguka, chujio halina la kuchuja. Mwaka 1977 huko Alaska, ndege yenye watu 54 ilikwama ardhini kwa muda wa saa tatu, mfumo wa hewa haufanyi kazi, na ndani yake mgonjwa mmoja wa homa ya mafua. Siku tatu hazikupita, asilimia 72 ya abiria walikuwa wameugua. Mmoja tu!

Na njia zipo. Ndege nyingi kubwa zina injini ndogo mkiani inayosukuma hewa hata injini kubwa zikiwa zimezimwa. Ikiwa mbovu, au imezimwa kubana mafuta, viwanja vingi vina mashine ya hewa inayounganishwa kwa bomba tumboni mwa ndege. Bomba hilo nimeliunganisha mara nyingi, kwenye mvua na kwenye jua. Ni kazi ya dakika chache.

Naziomba mamlaka za usafiri wa anga ziweke kikomo kwa maandishi. Mimi napendekeza dakika 30: zikipita bila hewa, abiria washushwe. Na rubani atutangazie hewa inapozimwa, kama anavyotutangazia mikanda.

Fundi wa ndege mstaafu