Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Bei ya Gesi ya Wateja Wakubwa na Bili Zetu

Ndugu Wanachama,

Mkutano Mkuu uliopita uliiagiza Kamati itafute jibu la swali lililoulizwa na wengi wenu: Jiji la Philadelphia likikaa mezani na mteja mkubwa wa gesi na kumpunguzia bei, pengo linazibwa na nani? Taarifa yangu ya mwaka huu ni juu ya swali hilo tu, kwa kuwa hesabu na shughuli nyingine za chama mmekwisha kugawiwa na Mweka Hazina pamoja na Katibu.

Kwa faida ya wanachama wapya, shirika la gesi linalotuhudumia, Philadelphia Gas Works, ni mali ya Jiji tangu mwaka 1841, na katika Marekani nzima hakuna shirika la gesi la manispaa linalolizidi kwa ukubwa, kwani lina wateja wapatao 500,000. Halina wanahisa wa kugawana faida, ingawa limewekewa wajibu wa kuingiza dola milioni 18 kwa mwaka katika hazina ya Jiji. Tangu mwaka 2000 bei zake husimamiwa na Tume ya Huduma za Umma ya Pennsylvania, na hivyo Jiji, japokuwa ndilo mwenye mali, halipangi bei litakavyo.

Jambo ambalo hata sisi wa Kamati tulichelewa kulielewa ni kwamba mteja mkubwa mara nyingi habishanii bei ya gesi yenyewe. Gesi anaweza kuinunua kwa mfanyabiashara mwingine, na shirika likabaki kumsafirishia tu kutoka kwenye mabomba makuu ya Transco au Texas Eastern hadi getini kwake. Kinachojadiliwa basi ni nauli ya bomba. Na bomba lililofukiwa chini ya barabara lina gharama ileile ya kulilinda na kulibadilisha, ipite gesi nyingi au kidogo. Mabomba yetu ya chuma cha zamani ni mengi, na kila mmoja wenu ameona mitaa ikichimbwa.

Hapo ndipo ugumu ulipo. Mwenye nyumba hana pa kukimbilia. Mteja mkubwa aliye karibu na bomba kuu anaweza kutishia kujichimbia njia yake, au kuwasha mitambo yake kwa mafuta, na akiondoka, ule mchango aliokuwa akiutoa katika gharama za mfumo mzima unatugeukia sisi tuliobaki. Kwa sababu hiyo Kamati haikubaliani na baadhi ya wanachama wanaotaka tupinge kila punguzo. Punguzo linalomwacha mteja akichangia angalau kidogo gharama za mfumo linatufaa kuliko kuondoka kwake, lakini punguzo lililo chini ya gharama ya kumhudumia ni hasara tupu, na tishio la kuhama lisilothibitishwa kwa michoro na makadirio ya fedha halistahili kulipiwa hata senti.

Mfano ulio karibu nasi ni mtambo wa Grays Ferry, kando ya mto Schuylkill, unaozalisha umeme na mvuke kwa pamoja. Mkataba wake wa gesi wa miaka 25, uliofungwa katika miaka ya 1990, ulipokaribia kwisha, pande mbili zilishindwa kuafikiana na shauri likafikishwa mbele ya Tume. Mvuke wa mtambo huo hupasha joto majengo ya katikati ya jiji na ya Chuo Kikuu cha Pennsylvania, na wanachama wetu kadhaa hufanya kazi katika majengo ya namna hiyo. Nawakumbusha hili kwa sababu tumezoea kumsema mteja mkubwa kama mgeni, ilhali bei anayotozwa huweza kurudi kwetu kupitia kwa mwajiri.

Miaka 25 ni mingi mno kufunga bei ya kitu chochote. Kwa hiyo Kamati inapendekeza msimamo huu: mikataba ya bei maalumu iwe mifupi na ipitiwe upya kila bei za wateja wote zinapobadilishwa, na mteja anayelipa nauli ndogo kwa hoja kwamba yuko tayari kukatiwa gesi siku za baridi kali, akatiwe kweli siku hizo zikifika, la sivyo alipe nauli kamili. Kuhusu usiri wa mikataba hiyo, tulitofautiana. Wajumbe wawili wanaona bei iwekwe wazi yote. Mimi naona siri za biashara za mteja zinaweza kuhifadhiwa, ila hesabu ya gharama ya kumhudumia isifichwe kwa wawakilishi wa wateja wadogo.

Naomba Mkutano uamue suala hilo la usiri kwa kura, kisha uiruhusu Kamati kuwasilisha maoni ya chama kwa maandishi pindi ombi lijalo la kupandisha bei litakapofunguliwa. Rasimu imeambatishwa.

Mwenyekiti