Mama wa rafiki yangu ananiuliza ampeleke na mdogo mtu Japani, nami niliapa kunyamaza

Shikamoo Shangazi,

Nakuandikia kutoka Nagoya. Safu yako nimeisoma tangu niko sekondari Tanga, mara nyingine kwenye gazeti la jana lililofungiwa vitumbua, na sikudhani siku moja na mimi nitakuwa mtu wa barua. Jina langu usilitoe. La rafiki yangu nimelibadilisha, nitamwita Mwanaidi. Watanzania huku ni wachache na tunajuana, kwa hiyo kuna mambo mengine nimeyageuza kidogo, lakini kiini hakijaguswa.

Mimi na Mwanaidi tumekulia mtaa mmoja Ngamiani. Madrasa moja, shule moja, hata surua tuliugua wiki moja. Tulipoachana ni kwenye pesa. Mimi nilipata ufadhili wa serikali ya Japani: ada silipi, na kila mwezi naingiziwa posho. Yeye aliomba akakosa. Mama yake akauza kiwanja cha Pongwe, akamlipa wakala, na mwaka uliofuata Mwanaidi akaja kuanza shule ya lugha Hiroshima. Hesabu ya wakala ilikuwa miaka miwili ya Kijapani, kisha chuo cha ufundi, kisha kazi. Ada ya kwanza italipwa kutoka nyumbani, nyingine "atajilipia mwenyewe kwa vibarua".

Agosti nilikwenda likizo. Nikamkuta mama yake ameezeka bati jipya na amenunua friza, anauza barafu na juisi ya ukwaju. Alinishika mkono akanizungusha nyumba nzima, kila kitu anasema, "Hii ya mwanangu." Siku ya kuondoka akanipa mzigo nimpelekee: doti mbili za khanga, bizari ya pilau, ubuyu, dagaa na chupa ya mafuta ya nazi. Alitaka atie na maembe na nyama ya kukaanga. Tulibishana mpaka nikamwonyesha kwenye simu kwamba matunda mabichi na nyama haviingii Japani. Kisha akaniuliza, taratibu kabisa, "Mbona kila akinipigia yuko gizani?" Nikacheka. Nikamwambia huku tumewatangulia saa sita, saa tisa yenu ya mchana kwetu ni saa tatu usiku. Akasema haya, lakini ukamwone kwa macho yako.

Nimerudi Septemba. Kila nikimwambia Mwanaidi nakuja, ana mtihani, ana mafua, mwenzake ana wageni. Mzigo ukakaa chini ya kitanda changu mpaka chumba kikanuka dagaa. Desemba nikaona imetosha, nikakata tiketi kwanza ndipo nikamwambia.

Kwa wasomaji wako wasioijua, kuna tiketi ya msimu huku inaitwa Seishun 18. Jina linasema ujana lakini hata babu anaruhusiwa. Inakupandisha treni za kawaida za JR, kampuni kubwa za reli za huku, nchi nzima; Shinkansen, treni ya mwendo kasi, hapana. Zamani ilikuwa siku tano unazochagua mwenyewe, na unaweza kugawana na mwenzako. Tangu majira ya baridi ya 2024 wameibana: siku zifuatane na ni ya mtu mmoja, siku tatu kwa yeni 10,000 au tano kwa yeni 12,050. Wanafunzi tulilalamika sana. Hata hivyo Shinkansen ya Nagoya hadi Hiroshima, kwenda tu, ni zaidi ya yeni 13,000, ingawa inakufikisha kwa saa mbili na dakika chache. Mimi nilitumia kumi na moja.

Niliondoka Ijumaa saa kumi na mbili asubuhi. Ogaki unabadilisha, watu wanakimbia ngazini kuwahi viti, nami na furushi langu kichwani kama naenda gulioni. Sekigahara theluji ilikuwa imefunika mashamba yote. Maibara unabadilisha tena, unapata treni ndefu mpaka Himeji. Baada ya Kobe ndipo bahari inapokuja karibu na reli, unapita chini ya daraja la Akashi, na moyo wangu ulilainika, kwa sababu bahari ile ya ndani imetulia kama ya Raskazone kwetu Tanga asubuhi. Okayama nilisimama. Onomichi niliona vivuko vidogo vikienda ng'ambo na kurudi, nikasema nitamwambia Mwanaidi kuna Kigamboni yao hapa. Nilikuwa na furaha, Shangazi. Nilikuwa nahesabu tutakavyocheka.

Alinipokea stesheni. Sikumjua mara moja. Koti lilikuwa lilelile la picha, ila ndani yake kulikuwa na nafasi.

Anakaa chumba kimoja na wasichana wawili, Mnepali na Mvietinamu. Alipika wali, tukala dagaa wa mama yake, na saa tatu kasoro akaanza kuvaa. Nikamuuliza unakwenda wapi. "Kazini, wewe lala." Hapo simu ya mama yake ikaita. Akaipokea akiwa anafunga viatu, akatoka nayo nje gizani, nikamsikia akisema, "Nipo nipo mama, najisomea."

Anafanya zamu ya usiku kwenye kiwanda kinachopakia vyakula vya maboksi vinavyouzwa madukani. Anasimama mbele ya mkanda, kazi yake ni kuweka kipande kimoja cha karoti kwenye kila boksi. Ukumbi una baridi ili chakula kisiharibike, na vidole vyake vimepasuka kwenye viungo. Mwisho wa wiki anasafisha vyumba vya wageni mahali pengine, analipwa mkononi. Haya hakuniambia yeye, aliniambia Mnepali. Lakini barua ya shule iliyobandikwa kwenye friji niliisoma mwenyewe, maana Kijapani cha kiasi hicho ninacho: mahudhurio, asilimia 61. Onyo la pili. Kitabu chake cha somo kilikuwa juu ya meza, alama imekaa sura ya nne.

Sheria yenyewe iko wazi na kila mwanafunzi anaijua. Ukiomba kibali unaruhusiwa vibarua saa 28 kwa wiki, likizo ndefu saa nane kwa siku. Ukizidisha, au mahudhurio yakianguka, siku ya kuomba kuongezewa muda wa kukaa unaweza kunyimwa ukafunga mizigo. Wake unaisha Aprili.

Usiku ule sikulala, nikapiga hesabu nyuma ya ile tiketi. Malipo ya huko ni kama yeni elfu moja na kidogo kwa saa. Saa 28, wiki nne, ni kama yeni 115,000 kabla ya makato. Ada yake ukiigawa kwa mwezi inakula 60,000. Sehemu yake ya kodi 22,000. Kinachobaki kiko chini ya 35,000, na kwa hicho ale, alipe bima, simu na nauli. Basi lile bati limetoka wapi? Na friza?

Alirudi saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Akasali alfajiri, nikakaa kumsubiri pembeni ya mswala. Nikamwambia nimeisoma barua. Hakulia wala hakukasirika. Akasema, "Wewe umelipiwa. Mimi nimeuziwa kiwanja. Nikirudi mikono mitupu nitapita wapi Ngamiani?" Sikuwa na jibu, na mpaka leo sina. Kisha akaniapisha palepale kwamba mama yake asijue chochote. Nikaapa. Nilikuwa nimechoka, nilikuwa namwonea huruma, na ukweli ni kwamba nilikuwa naona haya kwa posho yangu.

Badala ya kulala akasema twende kisiwa cha Miyajima tukapige picha, mama anasubiri picha. Kivuko cha JR kiko ndani ya tiketi yangu, nililipa yeni 100 tu ya kodi ya wageni. Kuvuka ni dakika kumi. Alikaa, akaegemea bega langu, na kabla hatujatoka gatini alikuwa amelala mdomo wazi kama mtoto. Tulipofika niliona vibaya kumwamsha. Maji yalikuwa yamekupwa, watu wanatembea kwenye tope mpaka chini ya ile torii kubwa nyekundu, lango la hekalu lililosimama baharini. Akajitanda khanga ya mama yake juu ya koti, ile ya "Nani kama mama", akapaka rangi ya mdomo, akacheka, nikapiga. Picha imetoka vizuri mno. Wallahi ungeiona ungesema huyu binti yuko peponi.

Jumapili nilimwachia yeni 30,000 chini ya mto bila kusema. Nilipofungua begi Okayama nitoe maji, nilikuta bahasha ileile, pamoja na mipira miwili ya wali wa kiwandani kwake.

Sasa tatizo lenyewe. Wiki iliyofuata mama yake alinipigia. Picha ameshaiweka kwenye simu yake, mtaa mzima umeiona. Akaniuliza hali ya mwanawe nikasema, "Hajambo mama, amenenepa." Maneno hayo nimeyasema mimi, kwa mdomo wangu. Akashukuru, akaniombea dua, halafu akaniambia kilichomfanya apige. Wakala amemrudia. Kuna nafasi ya muhula wa Oktoba, na mdogo wake Mwanaidi wa kiume amemaliza kidato cha sita. Malipo ya kwanza yanatakiwa Machi. Kiwanja hakuna tena, kwa hiyo ataweka hati ya nyumba achukue mkopo, na Mwanaidi atasaidia marejesho. "Lakini wakala ni mfanyabiashara," akasema, "wewe ni mwanangu na uko hukohuko. Niambie kweli, nimpeleke au nisimpeleke?"

Nikamwambia anipe muda niulizie.

Nilimpigia Mwanaidi usiku uleule. Kumbe analijua. Nikamwambia mkataze mama. Akasema akikataza ataulizwa sababu, na mdogo wake ataona anamwonea wivu. Akaniambia pia, na hili ndilo linaloniuma, kwamba wakiwa wawili kodi itagawanyika na mzigo utapungua. Sijui kama anaamini au usingizi ndio unamsemea. Nikamkumbusha kiapo alichoniapisha, nikamwomba anifungue. Akakata simu. Tangu siku hiyo ujumbe wangu anausoma, hajibu.

Nimefikiria kumwambia mama kwamba shule zimepanda ada, au kwamba serikali imepunguza nafasi. Huo ni uongo juu ya uongo, na wakala ataubomoa kwa simu moja. Nimefikiria kumpitia mjomba wao, mtu wa busara, lakini Tanga unaijua, siri ya mjomba hulala nyumba tatu kabla ya magharibi. Nimefikiria pia kumweleza mwalimu wa shuleni kwake. Hapo nahofia kwamba nitakuwa nimempeleka mimi mwenyewe mbele ya uhamiaji kwa zile saa alizozidisha. Kuna rafiki yangu Mkenya hapa aliyeniambia niache, kila mtu na safari yake. Ningeweza kama nisingekuwa nimeulizwa. Nimeulizwa, na aliyeniuliza ndiye aliyekuwa akinilisha mama yangu akiwa hospitali.

Nisaidie, Shangazi. Je, naweza kumjibu mama kuhusu mdogo mtu bila kumgusa Mwanaidi, yaani nimpe zile hesabu tupu za saa 28 na ada na kodi, nimwachie ajumlishe? Naogopa atajumlisha haraka kuliko ninavyodhani, maana huyu ni mwanamke anayeuza barafu na anajua faida ya kila kifuko. Au nirudi Hiroshima kabla ya Machi nimkabili Mwanaidi ana kwa ana, nimpe wiki mbili aseme mwenyewe, asiposema nivunje kiapo? Kuna wasomaji wako ambao watoto wao wako nje. Ninyi mngetaka mwambiwe vipi?

Juzi mdogo mtu amenitumia ujumbe. Ameona koti la baridi la mtumba, zito, la shilingi 25,000, anauliza kama linafaa kwa baridi ya huku alinunue kabla halijachukuliwa. Nikamjibu asinunue kwanza. Akauliza, "Kwa nini dada?" Hapo ndipo nilipokwama, simu nimeigeuza kifudifudi mezani.

Wako msomaji,
Binti wa Ngamiani, Nagoya