Ukimpigia Honi Mwenye Baiskeli, Unataka Aende Wapi?

Msimu wa korosho ukianza, barabara zetu hubadilika. Kuanzia Oktoba malori ya korosho yanaelekea maghalani na bandarini Mtwara, yanapishana na ya saruji ya Dangote na ya makaa ya mawe yanayotoka Ruvuma kwa njia ya Tunduru na Masasi. Pembeni yao kuna mtu amefunga gunia la kilo 80 kwenye keria, anaupeleka mzigo wake ghala la AMCOS, chama cha ushirika cha wakulima. Lami ni hiyo hiyo moja. Wiki hizo ndizo karakana yetu ya baiskeli inapofurika.

Fundi haulizi nani alikuwa na makosa, analetewa chombo tu. Ila ukishazizoea baiskeli, unajua kilichozipata kabla mwenyewe hajafungua mdomo. Iliyogongwa kwa nyuma huja na gurudumu lililokunjika na keria iliyobonyea. Iliyopiga shimo ina rimu iliyochimbika na spoki mbili tatu zimekatika. Aina ya tatu ndiyo iliyotufanya tuandike makala haya: gurudumu la mbele limepinda kidogo, tairi limechubuka ubavu wa kulia, na mwenyewe ana jeraha la goti na kiwiko, la kulia vilevile. Ukimuuliza nani kamgonga anakwambia hakuna. Alipigiwa honi, akashuka lami, akaanguka wakati wa kupanda.

Madereva wengi, na wengine ni watu tunaokunywa nao kahawa, wanaamini ukishapiga honi umemaliza wajibu wako. Umemjulisha, basi akae pembeni. Sasa pembeni ni wapi? Tazama ukingo wa barabara sehemu nyingi za huku kwetu: lami imelika, mchanga wa chini umekwenda na mvua, pamebaki ngazi ya kimo cha vidole vinne au zaidi. Gari likishuka pale linatikisika tu. Baiskeli yenye mzigo ikishuka inazama kwenye mchanga, usukani unacheza, na aliye juu yake anachotaka ni kurudi kwenye lami upesi kabla hajaenda chini. Hapo ndipo penye kazi. Gurudumu la mbele linaukuta ukingo likiwa sambamba nao, kwa hiyo halipandi, linausugua tu. Mwili umeshaegemea kulia ili kurudi barabarani, gurudumu limebaki kushoto. Anaanguka kulia, yaani juu ya lami, yaani usawa wa matairi ya tela lako ambalo bado halijamaliza kupita. Umemshusha ili upite kwa raha, kumbe umemuweka mahali ambapo akiyumba kidogo anakuja uvunguni kwako.

Ndiyo maana wateja wetu tunawafundisha jambo ambalo madereva huliona kiburi: usiendeshe juu ya ukingo. Kaa ndani ya lami, nusu mita hivi au zaidi kidogo, na uende mstari ulionyooka. Ukijibana pembeni kabisa, dereva anaona nafasi ambayo kwa kweli haipo, anajichomeka akupite huku lori jingine linakuja mbele. Ukiwa ndani kidogo anakuona wewe ni chombo kama vyombo vingine, anapunguza, anangoja. Na ikitokea kweli malori mawili yanakutana hapo ulipo, shuka, lakini shuka mapema, kwa mwendo mdogo, kwa uamuzi wako. Kabla ya kurudi, simama, teremka, inua gurudumu la mbele kwa mkono ulipandishe. Wala si aibu. Mzee mmoja muuza muhogo anayetokea upande wa Naliendele huwa anatuambia, "Mwanangu, mie nikishuka nimeshuka, hata sigara navuta kwanza."

Dereva atauliza, nami nikae nyuma ya muhogo mpaka lini? Tupige hesabu. Baiskeli yenye mzigo inakwenda kama kilomita 15 kwa saa. Ukiifuata mita 100 kwa mwendo huo umetumia sekunde 24. Ungekwenda 50 kwa saa ungetumia sekunde 7. Umepoteza sekunde 17, na mara nyingi upande wa pili unakuwa mweupe kabla ya hizo mita 100 kwisha. Abiria anayenunua maji dirishani pale Mnazi Mmoja anakuchelewesha kuliko hivyo, na humpigii honi.

Upande wa pili ukiwa mweupe, mpite kama unavyopita gari: toka, ingia njia ile nyingine, mwache kabisa nyuma ndipo urudi. Ufaransa sheria yao inataja kipimo, mita moja mjini na mita moja na nusu nje ya mji. Sisi hatumwambii mtu ashuke na futi kamba, ila mita moja na nusu ni kipimo kizuri cha kukariri, na kwa semitela ongeza. Lori refu likiwa kwenye mwendo linakuja na upepo wake. Kichwa kinamsukuma mwenye baiskeli nje, halafu tela likipita upepo unamvuta ndani. Aliyebeba matenga ya samaki au godoro anaujua vizuri upepo huo. Akiyumba, awe na mahali pa kuyumbia.

Mwendo wenyewe pia uangaliwe. Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973 inaweka ukomo wa kilomita 50 kwa saa kwenye maeneo ya makazi, na kilomita 80 kwa magari yenye uzito wa zaidi ya tani 3.5 hata nje ya makazi. Kwenye 80 gari linakula kama mita 22 kila sekunde. Ukiinamia simu kidogo tu, umeshaimaliza nafasi uliyokuwa nayo.

Kuna neno moja tunalisikia sana kijiweni: baiskeli hazilipii barabara. Jamani. Ile ada ya leseni ya gari ya kila mwaka ilifutwa mwaka 2017 ikahamishiwa kwenye mafuta, kwa hiyo unacholipa unalipia mafuta unayochoma. Baiskeli haichomi kitu. Na kama hoja ni nani anaichakaza lami, mizani haikuwekwa barabarani kwa ajili ya baiskeli. Tuliache hilo.

Turudi kwa watu wetu wenyewe, maana hawajambo kwa visa. Kisa cha kwanza ni kuendesha upande wa kulia, kukabili magari, eti nione kinachokuja. Huo ni utaratibu wa mtembea kwa miguu. Mwenye baiskeli anakwenda na mkondo wa magari, kushoto. Gari likiwa kwenye 60 nawe uko kwenye 15, mkienda upande mmoja linakufikia kwa tofauti ya 45. Mkikabiliana ni 75. Isitoshe dereva anayetoka njia ya mtaani anaangalia kule magari yanakotoka, hakutazamii wewe utokee upande mwingine. Kisa cha pili ni mirunda na kuni zilizofungwa kwa mapana. Ukifunga kwa mapana umejigeuza kuwa upana wa bajaji, ila hakuna anayelijua hilo mpaka ncha imemfikia. Funga kwa urefu, na ncha ya nyuma uifunge kitambaa chekundu. Mishikaki ya watoto watatu kwenda shule hatuna la kusema ambalo mama zao hawajasema. Na wale vijana wanaoshika tela kwenye vilima ili wavutwe, tunawaomba tu wafikirie lori likifunga breki ghafla wao wanakwenda wapi.

Kwenye taa tutakawia kidogo, kwa sababu ndiko kunakosahaulika na ndiko tunakoweza kukusaidia kwa gharama ndogo. Huku kwetu saa moja kasoro giza limeshaingia, na ndiyo saa ya watu kurudi kutoka shamba na sokoni. Baiskeli nyingi zimetoka dukani na riflekta nyekundu nyuma, kwenye madigadi au chini ya kiti. Ni nzuri sana, tatizo ukishafunga gunia inafunikwa. Kwa hiyo baiskeli inaonekana siku haina mzigo, na siku ina mzigo na inakwenda polepole haionekani kabisa. Dawa ni kuitoa riflekta pale na kuiweka kwenye mzigo wenyewe. Tunashona ukanda wa mpira wa tyubu kuukuu, tunaubandika utepe ule ule mwekundu unaong'aa wa nyuma ya malori, unaufunga juu ya gunia, ukifika unaufungua unautia mfukoni. Ongeza riflekta za njano kwenye pedeli. Zile zinapanda na kushuka, na jicho la dereva linashtuka upesi kwa kitu kinachopanda na kushuka kuliko kinachong'aa kimetulia.

Wenye dainamo msituchukie, lakini dainamo huzimika baiskeli ikisimama. Pale unapongoja kukata kulia, katikati ya barabara, ndipo unapokuwa giza tupu. Taa ya betri ya nyuma, nyekundu, hata ndogo, inalimaliza hilo. Mbele iwe nyeupe. Usiweke nyekundu mbele kwa kuwa imekosekana nyingine, maana anayekuja atadhani unakwenda naye njia moja.

Nanyi madereva, zimeni taa kali mnapokutana na baiskeli, kama mnavyozima mkikutana na gari. Mtu aliyepigwa mwanga mkali usoni haoni ukingo uko wapi, na ukingo tumeshaueleza.

Mvua nazo zinakaribia, na hapa tunazungumza na wenye baiskeli za breki za fimbo. Rimu zake ni za chuma cha kung'aa, na chuma hicho kikilowa raba inateleza kama sabuni. Breki iliyokuwa ikikusimamisha jana leo inakupeleka mbele. Kabla hujafika penye kusimama, anza kubana kidogo kidogo mapema ili raba ifute maji kwenye rimu, ndipo ubane kwa nguvu. Ukiwa na gunia nyuma zidisha umbali, kwa sababu mzigo unakusukuma na gurudumu la mbele linakuwa jepesi, usukani haukutii vizuri. Anayeshuka mteremko wa Newala kwenda Masasi na mzigo wakati wa mvua, ushauri wetu ni kuikokota. Raba iliyobaki unene wa sarafu usiingoje iishe.

Mjini kuna ajali ya kijinga zaidi, ya mlango. Dereva ameegesha kushoto, anafungua mlango wa kulia bila kutazama, mwenye baiskeli anauvaa. Uholanzi wana mazoea mazuri kuhusu hili: unafungua mlango kwa mkono ulio mbali nao. Kwa magari yetu ya usukani wa kulia ni mkono wa kushoto. Ukijaribu utaona kiwiliwili kinageuka chenyewe, na macho yanapita kwenye saiti mira na dirishani kabla mlango haujaachia. Wa bajaji na boda hawana mlango, lakini wana lao la kumpita mtu kisha kusimama pua kwa pua naye kwa sababu abiria kapunga mkono. Mbele yake kidogo kuna nafasi, simamia huko.

Na malori yanapokata kushoto: dereva, mtu uliyempita muda huu huu bado yupo kushoto kwako, na kioo hakimwoni akiwa karibu na mlango wa utingo. Matairi ya nyuma ya tela hayafuati njia ya kichwa, yanakata ndani. Mwenye baiskeli, ukiliona lori linapunguza karibu na njia ya kuingia kushoto, baki nyuma yake hata kama kuna upenyo mzuri. Hasa kama kuna upenyo mzuri.

Sasa huduma. Kuanzia sasa mpaka msimu uishe tunakagua breki bila malipo kwa baiskeli yoyote, iwe ulinunua kwetu au la. Raba zikihitajika bei unaambiwa kabla hatujagusa spana. Ukanda wa riflekta wa mzigo unatengenezwa ukiwa unangoja. Njoo na kamba unayofungia na gunia lenyewe au linalofanana nalo, tupime unakaa wapi, maana mzigo wa korosho haukai kama mzigo wa mkaa. Akina mama wanaovaa kanga au baibui waulize kava la cheni. Madereva na mautingo nao wana chao: nyuma ya karakana tuna baiskeli yenye gunia la mchanga, na upande wa barabara pale pale kuna ukingo uliolika. Anayebisha kwamba kushuka na kupanda ni jambo rahisi anakaribishwa ajaribu, tunalisimamia eneo na tunamshika. Njoo asubuhi, mchana huwa kuna foleni.