Tovuti ya duka iongee kama mwenye duka

Kwa Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumze na wafanyabiashara wadogo wenzangu wa Nairobi ambao wamefungua tovuti za biashara zao au wanajiandaa kufanya hivyo. Wengi wetu huanza kwa kuuliza bei ya fundi, rangi ya nembo na idadi ya kurasa. Swali la haiba, yaani kama biashara hii ingekuwa mtu ingekuwa mtu wa namna gani, huachwa hadi mwisho au haliulizwi kabisa.

Mimi na dada yangu tunashona makubadhi ya ngozi katika soko la Kariakor, kwenye kibanda tulichoachiwa na mama. Tulipoamua kuuza mtandaoni tulimpata kijana mmoja mwenye bidii, tukampa picha za viatu na nambari ya simu, na baada ya wiki mbili tovuti ikawa tayari. Ukurasa wa kwanza ulikuwa na picha ya Wazungu wawili wenye suti wakipeana mikono, na chini yake maneno ya Kiingereza yaliyodai kwamba sisi ni kampuni inayoongoza kwa viatu vya kiwango cha kimataifa. Mteja aliyekuwa akinunua kwetu tangu enzi za mama alinipigia simu akaniuliza, "Mama, kwani mliuza duka?" Swali lile liliniuma kuliko fedha tulizotumia, kwa sababu katika ukurasa wote hapakuwa na neno hata moja ambalo angelisikia akiwa amesimama mbele ya kibanda chetu.

Simlaumu fundi. Hatukumwambia sisi ni nani, naye akachukua maneno yanayookotwa kila mahali.

Wataalamu wamelichunguza jambo hili kwa muda mrefu. Mwaka 1997, mtafiti wa Marekani Jennifer Aaker alichapisha utafiti ulioonyesha kwamba wanunuzi wa nchini mwake huzipa chapa sifa za binadamu, akazigawa sifa hizo katika mafungu 5: unyofu, uchangamfu, umahiri, umaridadi na ukakamavu. Hadi leo wapo washauri wa biashara wanaomwekea mteja orodha hiyo mezani na kumtaka achague. Lakini Aaker huyo huyo na wenzake, walipozichunguza chapa za Japani na Uhispania katika utafiti uliotoka mwaka 2001, hawakukuta mafungu yale yale; Wajapani walikuwa na utulivu mahali pa ukakamavu, na kwa Wahispania ikajitokeza shauku. Basi mtu wa Nairobi hana sababu ya kulisukuma duka lake liingie katika orodha ya watu wengine. Sokoni kwetu muuzaji husifiwa kwamba ana utu, ana ulimi mzuri, ni mtu wa neno lake, au hana ujanja-ujanja. Mimi naona tuanzie hapo.

Sisi tuliketi jioni moja na daftari, tukayaandika yale ambayo wateja hutuambia, kisha tukabakisha sifa 3: upole, ukweli hata unapotugharimu, na madaha kidogo, maana kubadhi ni pambo pia. Kando ya kila sifa tuliandika itatufanya tuseme nini na tusiseme nini, na hapo ndipo kazi ilipokuwa ngumu. Ukweli ulitulazimisha kueleza kwamba ngozi mpya hubana siku za mwanzo na kwamba haipendi kuloweshwa. Dada yangu aliogopa kwamba maneno hayo yangewafukuza wanunuzi. Mimi bado naamini ndiyo sentensi bora kuliko zote tulizoandika. Wazungu wenye suti waliondoka, ikawekwa picha ya mikono ya dada akikata ngozi.

Salamu za kukaribisha kila mtu anaziweza. Haiba hudhihirika mambo yanapoharibika: saizi imeisha, boda boda amechelewa, mteja anataka kurudisha kiatu. Tovuti yetu ya kwanza ilimjibu mteja wa namna hiyo kwamba ombi lake limekataliwa, maneno ambayo mama asingethubutu kumwambia mtu aliyetoka kwake Kayole kuja kununua. Sasa anasoma: "Pole, saizi 39 imeisha. Tunaweza kukushonea kwa siku 4, tuambie kama utasubiri." Wanaojenga tovuti huyaacha maneno haya madogo kama yalivyokuja na programu, ilhali ndiyo anayoyasoma mteja akiwa na wasiwasi juu ya fedha zake. Hali ni hiyo hiyo kwenye malipo: akilipa kwa M-Pesa na jina linalotokea kwenye ujumbe likawa tofauti na jina la duka aliloliona, hata upole wote wa ukurasa hautamtuliza.

Kuhusu lugha, Katiba ya 2010 imekifanya Kiswahili kuwa lugha ya taifa na pia lugha rasmi pamoja na Kiingereza, lakini wapo wafanyabiashara wanaopatana bei kwa Kiswahili kuanzia asubuhi hadi jioni na tovuti zao hazina hata "karibu". Anayeuza mitumba ya vijana Gikomba na kuzungumza Sheng kila siku aandike Sheng bila kusita. Mtu mzima asiyeizungumza asiivae kama koti la kuazima. Wauza leso wa Biashara Street wanaelewa uzito wa maneno, kwani leso nzuri huweza kurudishwa rafuni kwa sababu ya maandishi yake tu.

Ombi langu ni kwa mafundi wa tovuti na kwa wote wanaoendesha mafunzo ya wafanyabiashara jijini. Kabla ya kufungua kompyuta, nendeni mkakae dukani kwa saa moja, msikilize mwenye duka anavyomkaribisha mteja, anavyokataa bei na anavyoomba radhi, na muyaandike maneno yake kama alivyoyasema.

Mshona makubadhi,
Kariakor, Nairobi