Saa za bia si saa za mnazi

Bwana Mhariri,

Mnazi, yaani pombe ya utomvu wa mti wa mnazi, ulioteremshwa mtini alfajiri, ukifika saa tano asubuhi bado ni mtamu, una ukali kidogo tu wa kuchezea ulimi. Saa kumi na moja jioni mnazi uleule unagonga kichwa. Kesho yake ni siki. Nauuza hapa Utange tangu 1998 na sijaona siku ukafanya vinginevyo. Naomba wanaotunga sheria za pombe katika kaunti yetu wayajue hayo kabla hawajanisomea kifungu kingine.

Mimi ni mama mangwe, mwenye banda la kuuzia mnazi. Natanguliza hilo ili asiyetaka habari za ulevi afunue ukurasa mwingine, wala sina kinyongo naye. Majirani zangu wengi ni watu wa msikitini, na tumekaa vizuri. Bibi mmoja wa nyumba ya tatu hajawahi kukanyaga bandani kwangu, lakini kila msimu wa maembe humtuma mjukuu wake na chupa mbili tupu aje kuchukua siki ya kutilia achari. Asema ya dukani haina harufu. Mtoto hukaa nje kwenye mwembe, namtolea hukohuko.

Kilichonitia kalamu mkononi ni mpwa wangu, mhudumu wa hoteli moja huko Nyali. Mwezi uliopita aliniletea chupa ya bia kutoka Nairobi, akasema, "Shangazi, onja hii, si bia ya kampuni kubwa." Akanieleza kwamba siku hizi kuna watu wanaopika bia katika viwanda vidogo, mapipa machache tu, na wateja huwajua wapishi kwa sura. Wengine hukaa palepale kiwandani wakanywa huku wanatazama mitambo. Wanaitwa wazalishaji huru kwa sababu hawamilikiwi na kampuni kubwa. Shayiri, hamira, maji, na maua fulani ya kutia uchungu yaitwayo hopsi. Wageni wa hoteli huilipia glasi moja pesa ambazo mimi ningewanywesha meza nzima. Nikaonja. Kama maji ya mwarobaini! Lakini sikumcheka, maana kila sifa aliyoitaja niliiona iko bandani kwangu: kazi ndogo, mali ya mwenyewe, kitu cha hapahapa, muuzaji anayejulikana hadi na mama yake mteja. Nikamwambia, basi mimi ni huru miaka yote hii na hakuna aliyeniandikia kibao.

Tofauti ni moja. Bia ile ilisafiri kutoka Nairobi, ikakaa kwenye friji ya hoteli, ikakaa tena kwangu siku tatu, na ilipofunguliwa ilikuwa bado bia. Uchungu wa yale maua husaidia kuihifadhi, na chupa imezibwa. Mnazi hauna kizibo. Haupikwi, hautiwi hamira. Unaanza kuchacha ukingali unatona ndani ya kibuyu huko juu.

Baba yangu alikuwa mgema Rabai, kwa hiyo najua ninachosema. Mgema hupanda mnazi kwa vidato vilivyokatwa kwenye shina, akalifunga karara, lile ganda lenye maua machanga ya mnazi, kwa kamba kabla halijapasuka, akaichonga ncha kwa kotama, kisu cha mgema, kijisehemu chembamba kama ukucha, kisha akatungika kibuyu. Asubuhi anapanda, jioni anapanda, na kila akipanda hukata tena, maana kidonda kikikauka hakitoi kitu. Karara linalogemwa halizai nazi, ndiyo sababu mgema na mwenye minazi hupatana kwanza, na mapatano hayo yakivunjika huamuliwa na wazee. Baba alianguka nikiwa darasa la sita. Alipona, ila tangu siku hiyo alitembea ameinama upande mmoja, na kazi akaichukua kaka yangu. Yeye ndiye anayenigemea hadi leo, pamoja na vijana wawili. Hapa Utange minazi imebaki ya kuhesabu, mingine imekatwa kupisha ploti, kwa hiyo mwingi wangu unatoka Rabai kwa pikipiki.

(Kwetu Rabai kinywaji hiki twakiita uchi. Nilipoolewa mjini ilibidi nijifunze kutolitamka neno hilo mbele ya wakwe. Mjini wazee wakasema tembo, na hilo nalo lina vituko vyake: kampuni kubwa ya bia nchini iliyoanzishwa 1922 iliipa bia yake jina la ndovu, kwa sababu mmoja wa waanzilishi aliuawa na ndovu akiwinda. Sisi tembo letu halijamuua mtu kwa pembe.)

Sasa nije kwenye shauri lenyewe. Sheria ya Kudhibiti Vileo ya 2010, ile iliyopewa jina la Mututho, mbunge aliyeipeleka bungeni, iliweka saa za baa: siku za kazi kuanzia saa kumi na moja jioni hadi saa tano usiku, wikendi kuanzia saa nane mchana. Siitukani sheria hiyo. Ndiyo iliyoondoa marufuku ya chang'aa, kwa hiyo siwezi kusema waliokaa kuiandika hawakuwa na habari za pombe za kienyeji. Lakini saa zile ni za kitu kinachokaa kwenye chupa. Bia ikingoja saa kumi na moja haibadiliki. Mnazi wangu wa alfajiri ukingoja saa kumi na moja, umekwisha kuwa kinywaji kingine. Mtu aliyetoka bandarini zamu ya usiku, aliyetaka kibuyu kimoja kitamu saa tano apate usingizi, naambiwa nimrudishe. Akirudi jioni nimuuzie ule mkali. Nani aliyelindwa hapo?

Na anayemaliza kazi saa kumi jioni hukuta mkali huo huo, anakunywa kiasi kilekile alichozoea, analewa kuliko alivyokusudia. Nimeyaona kwa macho yangu. Mafundi wa ujenzi wanaojenga maghorofa ya huku Bamburi, wakinywa wikendi saa nane hurudi nyumbani wakiimba. Wakinywa Jumanne usiku hurudi wakigombana.

Februari 2024 watu walikufa Kirinyaga kwa pombe yenye sumu, na mwezi uliofuata serikali ikatangaza hatua kali nchi nzima. Nilihuzunika kama kila mtu. Haukupita muda misako ikafika mitaani kwetu. Kwangu walikuja Alhamisi, saa saba mchana, sitasema ni wa ofisi gani. Nilikuwa na mitungi mitatu ya lita 20. Wakauliza leseni, nikatoa. Mkubwa wao akaisoma yote, akaangalia saa yake, akaniambia, "Mama, leseni ni nzuri, lakini saa ni mbaya." Mitungi yote mitatu ikamwagwa mtaroni. Mzee mmoja mteja wangu, aliyekuwa ameketi na mrija mdomoni hana la kufanya, akasema, "Leo hata siafu watalala mapema." Maafisa wenyewe wakacheka, wakaondoka. Nyuki walishinda pale hadi magharibi.

Mimi pia nilicheka, kisha nikapiga hesabu. Nanunua lita kwa shilingi 50. Kaka yangu alikuwa amekwisha kushuka mtini, pikipiki imekwisha kuja Utange na kurudi. Hao siwezi kuwaambia mnazi ulimwagwa kwa hiyo sina deni. Shilingi 3,000 za mnazi na 400 za pikipiki. Mama wa samaki anayekaanga mlangoni kwangu alirudi na beseni lake zima, maana hakuna mtu anayekuja mangweni kula samaki peke yake. Yule kijana wa mihogo naye hivyo hivyo.

Hapo ndipo ninapotaka wakubwa watazame. Kreti ya bia huja na lori, na pesa yake huondoka na lori lilelile. Shilingi ya mnazi humfikia mgema, mwenye minazi, mwenye pikipiki, msukaji wa makuti ya banda, mama wa samaki, na mimi ninayelipa karo. Sehemu kubwa haivuki Rabai.

Na si pesa pekee. Kila Jumapili ya kwanza ya mwezi, kabla ya wateja, chama chetu cha wanawake 14 hukaa kwenye mabenchi yangu; sita kati yao hawanywi, mmoja ni mzee wa kanisa. Alipofariki mvuvi mmoja wa hapa asiye na jamaa karibu, kofia ilizungushwa bandani jioni ileile, kukapatikana pesa za sanda na gari la kumpeleka kwao Takaungu. Waliotoa walikuwa wamelewa, sawa, lakini walitoa. Jumamosi hunijia washenga. Posa ya Mmijikenda haianzi bila kadzama, kibuyu cha mnazi cha kufungulia maneno, na ingawa siku hizi wazee wengine hupokea thamani yake kwa pesa, wapo wenye msimamo wanaotaka kuuona mnazi wenyewe, tena mbichi. Mshenga anayeishi gorofa ya nne Mtopanga atautoa wapi? Kwangu. Nawachujia mara mbili na siwapunguzii bei, kwa sababu ndoa ikishindikana huwa narudi kusikia kwamba mnazi ulikuwa umechacha.

Makaya, misitu mitakatifu ya Wamijikenda, yameingizwa na UNESCO katika urithi wa dunia tangu 2008. Nimewasikia waongozaji wa watalii wakieleza kwa Kiingereza kizuri kwamba mnazi ni kinywaji cha mila. Mila hiyo ikishuka kilima kuja Utange saa saba mchana, inamwagwa mtaroni.

Sitaki nionekane najitakasa. Wapo wenzangu wanaotia maji na sukari ili mtungi mmoja uwe mmoja na nusu. Ile methali ya mgema na sifa zake haikutungwa bure, ingawa nasikitika kwamba ndilo tangazo pekee la biashara tulilowahi kupewa. Wapo wanaomuuzia mtoto aliyevaa sare ya shule. Serikali ilipopendekeza Julai 2025 umri wa kunywa upandishwe kutoka miaka 18 hadi 21, mangwe nyingi zilinung'unika. Mimi sikuona neno. Vijana wa miaka 19 hunywa vibaya na kulipa vibaya zaidi.

Yako mengine ambayo hata kwa sheria nzuri yatanibana roho. Mwaka juzi mke wa mteja wangu alikuja asubuhi akiwa na mtoto mgongoni. Hakupiga kelele. Alisema, "Dada, naomba unionyeshe daftari la madeni." Nikamwonyesha. Shilingi 2,350 za mumewe. Akasema, "Hii ni unga wa miezi miwili." Sikuwa na jibu. Nilikata deni nusu, na tangu siku ile sikopeshi zaidi ya shilingi 200, na yule bwana simpi hata ya 50. Alihamia mangwe nyingine. Mkewe bado hunisalimu.

Katiba ya 2010, katika Jedwali la Nne, imeyaweka mambo ya leseni za vileo mikononi mwa kaunti. Basi wawakilishi wadi wetu hawahitaji kwenda Nairobi kumwuliza mtu. Waandike kifungu cha mnazi peke yake. Nifungeni mapema, lakini nifungueni mapema: nianze saa tano asubuhi, nifunge saa moja jioni, masaa manne mazima kabla baa hazijafungwa. Mnazi uliolala usiuzwe kuwa wa kunywa, uwe siki. Aje afisa wa afya apime mtungi wangu siku yoyote bila kunipa taarifa. Mitungi naichemshia maji, nachuja kwa kitambaa cheupe, na mrija una kumbi kwenye ncha kama walivyofanya wazee. Akikuta maji au sukari, aninyang'anye leseni mbele ya wateja. Na ada ya leseni ilingane na banda la makuti lenye mabenchi manane, isiwe ya mtu mwenye friji sita na muziki.

Mpwa wangu aniambia hawa wa bia za viwanda vidogo nao wana malalamiko yao ya kodi na leseni, kwamba wanapimwa kwa kipimo cha mwenye kiwanda kikubwa. Nimemwambia awapelekee salamu. Wakija Mombasa wapite Utange, nitawaonjesha wa saa tano, ikiwa nitakuwa nimeruhusiwa.

Niishie hapa, Bwana Mhariri. Pikipiki ya Rabai imefika na mitungi haijachujwa.

Mama Mangwe,
Utange, Mombasa