Kabla ya miaka 100, fungueni stoo

Mhariri,

Kila shule ya wavulana ya Kikatoliki huku kwetu magharibi ya Kenya ina ukuta wake. Utaukuta karibu na ofisi ya mwalimu mkuu: mwaka wa kuanzishwa, jina la padre wa kwanza, walimu wakuu kwa mpangilio, kisha waheshimiwa waliopitia hapo. Siku ya kutuza wanafunzi mgeni wa heshima anapigwa picha mbele yake, kisha tunaenda kula pilau.

St. Mary's Yala, iliyoanzishwa 1927 na mapadre wa shirika la kimisionari la Mill Hill, inatimiza miaka 100 mwaka 2027. Tutasomewa ukuta sana. Ombi langu ni kwamba kabla hema halijakodishwa, pale na kwingineko, mtu achukue ufunguo akaangalie stoo.

Mimi si wa Yala. Nilisoma shule nyingine ya misheni, na sitaitaja kwa kuwa waliopo sasa wamekuta mambo yameshaharibika. Miaka michache iliyopita nilikwenda kutafuta jina la marehemu baba, aliyesoma hapo miaka ya hamsini. Karani, kijana mwenye adabu, alinipeleka chumba kilicho nyuma ya jikoni. Rejista za kuandikisha wanafunzi zilikuwa nne, zimelazwa sakafuni ili magunia ya mahindi yasishike unyevu. Mbili mchwa walishazimaliza, yamebaki majalada. Ya tatu kurasa zilikuwa zimegandana kama chapati zilizolala. Ya nne ilifunguka.

Nilikaa nayo juu ya debe lililopinduliwa mpaka kengele ya saa kumi. Wino wa bluu, mwandiko wa kulala: namba, jina la ubatizo, jina la baba, chifu, misheni aliyotoka, siku ya kuingia, siku ya kutoka. Safu ya mwisho, nyembamba, ilikuwa ya sababu ya kutoka, na hiyo ndiyo iliyonishika. Amemaliza. Karo. Karo. Seminari. Amefariki. Karo. Reli. Karo. Katika ukurasa mmoja tu nilihesabu karo 11. Baba yangu alikuwa mmojawapo. Maisha yake yote alituambia aliacha shule kwa ajili ya macho.

Tangu siku hiyo sina subira na historia ya ukutani, ile inayoanza na "padre mzungu alikuja, akajenga". Padre alikuja, ndiyo. Lakini kwa nini huyo na si mwingine? Mwaka 1892 Wakatoliki na Waprotestanti wa Buganda walipigana Mengo, na watu wakawa wanawaita wale wa kwanza Wafaransa na wale wa pili Waingereza, kwa taifa la wamisionari wao, kama kwamba ubatizo ni pasipoti. Mill Hill, shirika lililoanzishwa London 1866, likaletwa Uganda 1895 ili watu waone kwamba hata Mwingereza anaweza kuwa Mkatoliki. Nchi yetu hii ya ziwa ilikuwa bado mkoa wa mashariki wa Uganda. Reli ikafika Kisumu Desemba 1901, na 1902 mkoa huo ukahamishiwa upande wa Nairobi. Mpaka ulihama, mapadre hawakuhama. Wakaingia Kisumu 1903, Mumias 1904, Mukumu 1906. Ndiyo maana Mkatoliki wa Kakamega alilelewa na Mill Hill, huku wa Kiambu akilelewa na Shirika la Roho Mtakatifu na wa Nyeri na Waitaliano wa Consolata. Cha kuchekesha ni kwamba wengi wa hao "Waingereza" wetu walikuwa Waholanzi. Gorgonius Brandsma, aliyekabidhiwa Kavirondo nzima, yaani nchi yetu hii ya ziwa, mwaka 1925, alikuwa Mholanzi.

Halafu kulikuwa na wivu, jambo ambalo ukuta haulisemi. Waanglikana walikuwa na shule Maseno tangu 1906. Kati ya Maseno na Yala kuna Luanda tu. Kondakta hajamaliza kukusanya nauli mmefika. Wazazi wa Kikatoliki waliwaona watoto wa jirani wakirudi na kazi za ukarani na viatu. Tume ya Phelps-Stokes ikapita 1924 ikikagua elimu ya Afrika Mashariki, na suala la serikali kuzipa ruzuku shule za misheni likapamba moto. Mwaka 1928 mjumbe wa Papa, Arthur Hinsley, akawaambia wamisionari waliokutana Dar es Salaam kwamba kama hawawezi kuyabeba yote mawili, wayaache makanisa nyuma ili wazikamilishe shule. Yala ilizaliwa katikati ya joto hilo.

Na mvulana hakutua bwenini kutoka mbinguni. Kabla ya kuingia shule kubwa alikuwa amepita kwa katekista, mtu aliyefundisha kusoma kwenye banda la nyasi kwa malipo ya kubabaisha, na kijijini akiitwa kwa Kiluo jananga (mvaa nguo) au jasomo (msomaji) kulingana na aliyekuwa akimcheka. Sijaona katekista ukutani hata mmoja. Wala wapishi. Wala waliofinyanga matofali: bweni letu la kwanza lilijengwa kwa matofali ya wanafunzi wenyewe, kazi ya Jumamosi. Baba aliwahi kunionyesha tofali moja lenye alama ya kidole gumba, chini ya dirisha, akadai kidole ni chake. Nilikipima na changu. Kilikuwa kidogo, cha mtoto.

Ukuta unawapenda waliofaulu, sawa. Basi mchukueni Tom Mboya, mwanasiasa ambaye Yala inajivunia kwa haki. Alizaliwa 1930 Kilima Mbogo, baba yake akiwa mfanyakazi wa shamba la mkonge. Akasoma Kabaa, akaja Yala 1942, akaendelea Mang'u. Mang'u akaondoka kwa sababu pesa za kuendelea hazikupatikana, akaenda kusomea ukaguzi wa afya. Kama rejista ya huko ina safu ya mwisho kama yetu, najua neno linalokaa mbele ya jina lake. Mtu huyohuyo ndiye aliyehangaika mpaka 1959 ndege ikaondoka na wanafunzi 81 kwenda kusoma Marekani. Kwangu mimi safari ile haielezeki bila ile safu nyembamba.

Tatizo ni kwamba rejista hizi hazina mwenyewe. Tangu Sheria ya Elimu ya 1968 shule hizi zinaendeshwa na serikali na kanisa limebaki mdhamini, na sheria ya 2013 imeliacha hapohapo. Nilipouliza kwetu, ofisi ya shule ilisema vitabu vya zamani ni mali ya jimbo. Parokiani nikaambiwa ni mali ya shule. Mwalimu mkuu naye huhamishwa, na anayekuja anakuta chumba kimejaa karatasi zenye harufu ya panya, na vitabu vya mtaala mpya viko nje kwenye lori vinangoja nafasi. Ningekuwa mimi, pengine ningefanya kama yeye.

Ninachoomba hakihitaji harambee. Kamati za wanafunzi wa zamani, zinazochanga kwa ajili ya keki na fulana, ziteue watu wawili wenye simu nzuri na Jumamosi moja. Wapige picha kila ukurasa. Nakala moja ibaki shuleni, moja iende kwa askofu, moja ipelekwe Hifadhi ya Kitaifa ya Nyaraka, iliyoundwa 1965 kwa kazi ya namna hii. Wakimaliza, wakae na mpishi mstaafu na kinasa sauti kabla hajatuacha.

Wapo watakaosema ni aibu kuanika ya watu. Ni kweli. Katika rejista yetu kuna "amefukuzwa" kadhaa, na mmoja wao namfahamu, ni mzee wa kanisa anayeheshimika sana na anayependa kutuhubiria nidhamu. Basi kurasa za walio hai zifungwe mpaka wenyewe wakubali. Kufunga ni rahisi. Gunia la mahindi halifungi kitu, linaozesha.

Ile ya nne nilimwomba karani aiweke kwenye kabati la ofisi, naye akaahidi. Mwezi uliopita nilipiga simu. Karani yule alishahamishwa, na aliyepokea aliniambia kwa furaha kwamba stoo imesafishwa yote na kupakwa rangi. Nina picha 214 kwenye simu yangu, chache zimetikisika. Mtu wa shule yetu atakayejitambua katika barua hii na kuzitaka, aniulize kupitia ofisi yako.

Mwalimu mstaafu,
Kisumu